Parruok na Jakamoyo: Chimbuko la Wasiwasi wa Jumla na Ujirani Wake na Maradhi Mengine ya Akili

Utangulizi

Kati ya Rongo, katika Kaunti ya Migori, na mji wa Homa Bay, kuna Asumbi ya Rangwe, mahali ambapo kwa wengi hapatajwi pasi na kutaja misheni ya Kikatoliki. Hapo pana kanisa, shule ya upili ya wasichana, chuo cha walimu, hospitali ya misheni na makao ya masista Wafransisko wa Mtakatifu Yosefu. Pana pia kituo cha kutibu uraibu ambacho kwa miongo kadhaa kimewapokea watu walioshindwa na pombe, na ambacho kimelifanya jina la Asumbi lijulikane mbali na Nyanza.

Jamaa za watu wanaotibiwa katika vituo vya aina hiyo, popote vilipo, huuliza swali lile lile. Mbona mtu aliyekaa miezi mitatu bila kuonja tone, akarudi nyumbani akiwa na afya na nadhiri, akairejelea chupa kabla ya mwaka kwisha? Majibu ni mengi, na baadhi yake hayahusiani na mada hii. Hata hivyo, jibu mojawapo halitajwi mara kwa mara inavyostahili: kwamba kwa baadhi ya wanywaji, pombe haikuwa mwanzo wa ugonjwa bali ilikuwa dawa ya kienyeji ya ugonjwa mwingine uliotangulia, ambao haukupewa jina wala haukutibiwa. Ugonjwa huo ni wasiwasi wa jumla. Makala haya yananuia kueleza jinsi unavyoanza na unavyokua, na jinsi unavyopakana na sonona, uraibu na maradhi mengine ya akili, kwa kuzingatia hasa mazingira ya Nyanza Kusini.

Maneno na mipaka yake

Ni vyema kuanza na maneno, kwa sababu mgonjwa huanza nayo. Neno wasiwasi limetoka katika Kiarabu, ambako asili yake ni mnong'ono. Katika Kiswahili limepanuka mno. Mtu ana wasiwasi kwa sababu basi limechelewa. Mwingine ana wasiwasi kwa maana ya kushuku. Na katika mazungumzo ya dini ya Kiislamu mwenye wasiwasi ni yule anayerudia udhu mara tano kwa kudhani haukutimia. Mtu wa tatu huyu anakaribia zaidi ugonjwa wa fikra za kujirudia na vitendo vya kushurutishwa kuliko ugonjwa unaojadiliwa hapa. Si ajabu basi kwamba Abu Zayd al-Balkhi, mwanazuoni aliyefariki mwaka 934, aliitenga hofu na wasiwasi wa namna hiyo katika sehemu mbili tofauti za kitabu chake juu ya afya ya mwili na nafsi.

Kiswahili kina maneno mengine ambayo wataalamu wa istilahi hawajayatumia vya kutosha. Jakamoyo ni hali ya moyo kujaa hofu bila kutulia. Kiherehere cha moyo ni mapigo ya haraka yanayotangulia jambo. Kihoro ni mshtuko unaotokana na msiba. Fadhaa ni kuchanganyikiwa. Kati ya haya, jakamoyo ndilo linalokaribia zaidi hali ya kudumu isiyo na kisababishi kimoja, lakini matumizi yake yamebaki zaidi katika lugha ya fasihi. Kwa hiyo makala haya yanatumia wasiwasi wa jumla, kwa maana ya wasiwasi usioshikamana na jambo moja bali unaohama: leo karo, kesho kikohozi cha mtoto, keshokutwa neno alilosema mkuu wa idara.

Asumbi, hata hivyo, haiwazi kwa Kiswahili pekee. Katika Dholuo neno linalotumika sana ni parruok. Mzizi wake unahusiana na paro, yaani kuwaza, na kiambishi -ruok aghalabu hukirudisha kitendo kwa mtendaji. Ni kama kusema kwamba mtu anajiwaza, au kwamba mawazo yamemgeukia aliyeyawaza. Jambo hili linavutia likilinganishwa na lugha nyingine. Watafiti waliofanya kazi kusini-magharibi mwa Uganda, katika maeneo ya Masaka na Rakai, walikuta wenyeji wakitumia okwekubagiza, kujihurumia, na okwekyawa, kujichukia. Maneno yote mawili yana kirejeshi ndani yake. Nchini Zimbabwe Washona husema kufungisisa, ambapo kufunga ni kuwaza (Mswahili asidanganyike na sura ya neno) na kiambishi cha mwisho huonyesha kukithiri. Lugha hizi hazikutazama vitabu vya saikiatria, lakini zimegusa jambo ambalo vitabu hivyo vilichelewa kuliona: kwamba kiini cha ugonjwa huu ni kuwaza kunakojizungusha, na kwamba hofu na kutetemeka vinakuja baadaye.

Upande mwingine wa mizani ni neno neko, yaani kichaa. Anayeitwa janeko huogopwa na kukwepwa. Mtu mwenye parruok hatajiita janeko, na ana haki, lakini matokeo yake ni kwamba katikati ya mawazo ya kawaida na kichaa hapana kituo ambapo mgonjwa anaweza kuteremka na kuomba msaada.

Jinsi ugonjwa ulivyopata jina

Kwa upande wa tiba ya Magharibi, Sigmund Freud alichapisha mwaka 1895 makala iliyoyatenga maradhi ya wasiwasi na ule uliokuwa ukiitwa udhaifu wa neva. Kwa takribani miaka 85 iliyofuata, wasiwasi wa kila aina uliwekwa kapu moja. Mwaka 1980 mwongozo wa tatu wa Chama cha Wanasaikiatria wa Marekani uliligawa kapu hilo: upande mmoja mashambulio ya ghafla ya hofu, upande wa pili wasiwasi wa jumla. Lakini ule wa pili ulichukuliwa kama makombo, kwani haukuruhusiwa kutajwa ikiwa mgonjwa ana ugonjwa mwingine wa akili, na ilitosha dalili zidumu mwezi mmoja. Toleo la mwaka 1987 liliufanya ugonjwa kamili na kudai miezi sita. Sharti hilo limedumu hadi toleo la mwaka 2013. Orodha ya kimataifa ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, inataja tu miezi kadhaa.

Kwa mujibu wa vigezo vya Marekani, mgonjwa huwa na wasiwasi uliopindukia, siku nyingi kuliko zisizo nao, juu ya mambo mbalimbali, na huona vigumu kuuzuia. Pamoja nao huwapo walau dalili tatu kati ya hizi: kutotulia, kuchoka upesi, kushindwa kumakinika, hasira za karibu, kukaza kwa misuli na usingizi mbovu. Ni vyema kutambua kwamba dalili nyingi kati ya hizi ni za mwili. Hapo ndipo safari ya mgonjwa wa vijijini inapopotea.

Jinsi unavyoanza na kukua

Mfano wa kubuni utafaa. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mzaliwa wa kwanza katika nyumba ya watoto wanne, alimpoteza baba akiwa na miaka tisa na mama akiwa na miaka kumi na mmoja, mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati ambapo vifo vya Ukimwi vilikuwa vikiifagia Nyanza. Watoto wakabaki kwa nyanya. Mvulana huyo akaanza kuhesabu. Alihesabu unga uliobaki, siku za karo, mara ambazo nyanya alikohoa usiku. Watu wazima wakamsifu kwa busara iliyozidi umri wake. Hakuna aliyeona ugonjwa, kwa kuwa wakati huo haukuwa ugonjwa. Mtoto alikuwa amepewa kazi ya mtu mzima na aliifanya vizuri.

Si kila yatima hupatwa na wasiwasi wa jumla. Uchunguzi wa mapacha unaonyesha kuwa takribani theluthi moja ya tofauti kati ya watu katika ugonjwa huu hutokana na urithi wa kijenetiki. Kinachorithiwa si ugonjwa wenyewe bali wepesi wa kuguswa, yaani tabia ya kushtuka upesi na kukawia kutulia. Juu ya msingi huo malezi na matukio hujenga. Mtoto aliyefiwa, aliyepigwa, au aliyelelewa na mzazi mwenye hofu aonaye hatari kila pembe, hujifunza kwamba dunia haitabiriki na kwamba anayelala amekosea. Ubongo nao hujizoeza. Kile kiungo kidogo kiitwacho amigdala, ambacho ni kama mlinzi wa lango, hupiga kelele kwa vivuli, na homoni za dharura kama kotisoli huitwa kazini mara nyingi kuliko inavyofaa.

Lakini maelezo hayo hayajibu swali gumu zaidi, nalo ni kwa nini wasiwasi hauishi hata hatari inapopita. Hapa kazi ya mwanasaikolojia Mmarekani Thomas Borkovec ina thamani ya pekee, hasa kwa wanafunzi wa lugha. Borkovec alionyesha kwamba mtu mwenye wasiwasi huwaza kwa maneno zaidi kuliko kwa picha. Picha ya ajali huutikisa mwili mara moja. Maneno "itakuwaje iwapo" huutikisa kidogo kidogo tu. Kwa hiyo kuongea na nafsi ni njia ya kuikimbia picha. Mgonjwa hupata nafuu ndogo, na nafuu hiyo humfundisha kuendelea. Aidha, mengi yanayoogopwa hayatokei. Mwalimu wa mfano wetu alikesha akiwazia matatu iliyombeba mdogo wake kwenda Nairobi. Mdogo akafika salama. Na akili, bila kumshauri mwenyewe, ikaandika kuwa kukesha ndiko kulikomfikisha. Baada ya safari ishirini za namna hiyo, kuacha kuwaza huonekana kama uzembe, hata usaliti.

Nchini Kanada, katika jimbo la Québec, Michel Dugas na wenzake waliongeza jambo la pili katika miaka ya 1990: kwamba wagonjwa hawa hawaogopi mabaya peke yake, bali huogopa kutojua. Mmoja wao angeridhika zaidi kuambiwa kwamba mtihani ameanguka kuliko kuambiwa matokeo yatatoka Ijumaa.

Tofauti na hofu ya watu, ambayo aghalabu huanza utotoni au katika ujana, wasiwasi wa jumla mara nyingi hupevuka mtu anapokaribia au kupita umri wa miaka 30, wakati majukumu yanapokutana. Mwalimu wetu alipofikisha miaka 34 alikuwa na mke, watoto, wadogo wawili chuoni, nyanya mgonjwa na mkopo wa chama cha akiba. Ndipo mwili ulipoanza kusema. Kichwa kilimbana kama kamba. Tumbo likawaka. Alipimwa malaria na homa ya matumbo, akapewa dawa za zote mbili, akarudi, akapimwa tena. Akaambiwa ni vidonda vya tumbo. Katika safari hizo zote hapakuwa na aliyemuuliza kama analala.

Wasiwasi wa maskini ni uliopindukia?

Hapa pana mgogoro wa kinadharia ambao haufai kurukwa. Tafiti kubwa zilizofanywa katika nchi 26 na kuchapishwa kwa pamoja mwaka 2017 zilikadiria kwamba asilimia 3.7 ya watu wazima hupata wasiwasi wa jumla wakati fulani maishani. Ajabu ni kwamba kiwango kilikuwa asilimia 5.0 katika nchi tajiri na asilimia 1.6 tu katika nchi maskini. Je, ufukara unakinga? Hakuna anayeweza kulisema hilo akiwa Rangwe na akaaminiwa.

Shaka inaangukia neno "uliopindukia". Mjane anayewaza atakula nini kesho, anapoulizwa kama mawazo yake yamezidi kiasi, atajibu kwamba la, yanatosha kabisa. Anayemhoji ataandika kuwa hana ugonjwa. Huenda hana. Lakini huenda anao, umejificha nyuma ya sababu halali, na sababu halali ndiyo maficho bora kuliko yote. Hivyo ukubwa wa tatizo haufai kuwa kipimo. Kipimo kinachofaa zaidi ni mwendo wa fikra. Anayepanga huanza na swali, akafika kwenye uamuzi, kisha akalala au akafanya. Mwenye parruok huanza na swali akaishia kwenye swali lile lile saa tisa usiku. Na jambo moja likitatuliwa, nafasi yake hujazwa na jingine kabla ya mapambazuko. Karo ikilipwa, furaha haidumu hata siku mbili.

Tatizo la pili ni tafsiri. Dodoso fupi la maswali saba lililotungwa na Robert Spitzer na wenzake mwaka 2006 sasa hutumika duniani kote. Alama zake ni kuanzia 0 hadi 21, na anayefikisha 10 hupendekezwa kuchunguzwa zaidi. Toleo lake la Kiswahili lilipimwa Kilifi miongoni mwa watu wazima wenye virusi vya Ukimwi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Swali lake la kwanza, katika Kiingereza, linarundika maneno matatu yanayokaribiana maana, ambayo Kiswahili hakiyatofautishi kwa mpaka ule ule. Kazi ya kutafuta maneno yanayofaa Pwani, na mengine yanayofaa kwa msemaji wa Dholuo anayejibu kwa Kiswahili cha shuleni, ni kazi ya wanaisimu, na hapana sababu ya kuwaachia madaktari peke yao.

Ujirani na sonona

Utafiti wa kaya uliofanywa mwaka 2004 katika eneo la Maseno, kaskazini mwa Ghuba ya Winam, ulikuta kwamba takribani mtu mzima mmoja kati ya kumi alikuwa na ugonjwa wa akili wa kawaida. Wenye wasiwasi wa jumla peke yake walikuwa asilimia 1.6, na wenye sonona peke yake walikuwa chini ya asilimia moja. Zaidi ya nusu ya wagonjwa wote walikuwa na mchanganyiko wa wasiwasi na sonona. Kwa maneno mengine, katika Nyanza ya kweli magonjwa haya mawili hukutwa pamoja mara nyingi kuliko yanavyokutwa yametengana. Vitabu vinayatenga kwa sura, watu hawayatengi.

Sababu mojawapo ilitolewa na Kenneth Kendler na wenzake mwaka 1992 baada ya kuchunguza mapacha wanawake jimboni Virginia, Marekani. Waligundua kwamba chembe za urithi zinazoelekeza kwenye sonona na zile zinazoelekeza kwenye wasiwasi wa jumla ni karibu zile zile; kinachoamua mtu ataelekea wapi ni matukio ya maisha. Uchunguzi mwingine umeonyesha kwamba hatari inayokuja huzaa wasiwasi, ilhali hasara iliyokwisha kutokea, hasa ikiambatana na fedheha, huzaa sonona. Wasiwasi hutazama kesho na sonona hutazama jana. Maisha ya watu wengi wa Nyanza Kusini katika miaka ya 1990 na 2000 yalileta yote mawili kwa mkono mmoja: mume aliyezikwa, na ardhi ambayo ndugu zake walianza kuiulizia kabla ya tanga kuvunjwa.

Ni upi hutangulia? Wengi hudhani ni wasiwasi daima. Utafiti wa Dunedin, New Zealand, uliowafuatilia watoto wa mji mmoja tangu kuzaliwa hadi umri wa miaka 32 na kuripotiwa mwaka 2007, ulikanusha dhana hiyo: sonona hutangulia karibu mara nyingi kama wasiwasi. Hata hivyo, anayekuwa na yote mawili huugua zaidi, na hatari ya kujiua huongezeka. Jambo hili la mwisho halisemwi kwa sauti, kwa kuwa kwa miaka mingi jaribio la kujiua lilikuwa kosa la jinai nchini Kenya. Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba mnamo Januari 2025. Mgonjwa anaweza sasa kumwambia daktari ukweli bila kumwogopa polisi, ingawa wengi hawajapata habari hiyo.

Ujirani na chupa

Pombe huongeza nguvu za GABA, kemikali ya ubongo inayozituliza seli za neva. Kwa mtu mwenye parruok, glasi ya kwanza ya busaa au chang'aa si anasa. Ni mara ya kwanza kwa miaka mingi kichwa kunyamaza. Mwalimu wa mfano wetu hakuipenda ladha, aliupenda usingizi. Tatizo ni kwamba ubongo hujirekebisha. Ukizoea kutulizwa kutoka nje, hupunguza utulivu wake wa ndani, na pombe inapoisha mwilini alfajiri, wasiwasi hurudi ukiwa na riba. Mikono hutetemeka, moyo hukimbia, jasho hutoka. Mnywaji huamini kwamba ugonjwa wake umezidi na kwamba anahitaji dawa zaidi, na katika hilo la kwanza hajakosea kabisa.

Ikumbukwe kwamba mtu aliyekunywa sana kwa muda mrefu hapaswi kuachishwa ghafla nyumbani kwa kufungiwa chumbani, kama jamaa wengine wafanyavyo kwa nia njema. Dalili za kuacha huanza saa chache baada ya glasi ya mwisho na huweza kuwa mbaya zaidi siku ya pili na ya tatu, pamoja na kifafa na kuweweseka kunakoweza kuua. Hiyo ni kazi ya wauguzi.

Kwa mtaalamu, ugumu uko katika kutenganisha. Katika wiki ya kwanza kila mnywaji anayeacha ana wasiwasi, na kumpa jina la ugonjwa wa wasiwasi ni kuharakisha. Kanuni inayokubalika ni kungoja takribani mwezi mmoja bila pombe. Wasiwasi uliotokana na pombe hupungua kadiri siku zinavyopita. Wasiwasi uliotangulia pombe hubaki, na mara nyingine hujitokeza waziwazi zaidi, kwa sababu kilichokuwa kikiufunika kimeondolewa. Historia nayo husaidia, kwa kuuliza tu kama mgonjwa alilala vizuri kabla ya kuonja pombe, na kama kulikuwa na mwaka wowote aliokaa bila kunywa, kichwa chake kilikuwaje mwaka huo. Programu inayoishia kwenye kuacha pombe, bila kuuliza maswali hayo, humrudisha mtu huyu nyumbani akiwa mkavu na mwenye hofu ile ile aliyokuwa nayo akiwa na miaka kumi na mmoja. Kurudi kwake kwenye chupa kutaitwa udhaifu wa nia.

Kuna mtego mwingine. Diazepamu na jamii yake hugusa sehemu zile zile za ubongo ambazo pombe huzigusa. Hutuliza haraka, na kwa sababu hiyo hupendwa. Kwa mtu aliyekwisha kuwa mraibu, ni kubadilisha chupa kwa kidonge. Hutumika kwa siku chache hospitalini kumvusha mgonjwa katika hatari ya kuacha pombe, lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 hauzipendekezi kama tiba ya maradhi ya wasiwasi.

Majirani wengine

Mashambulio ya ghafla ya hofu huja kama radi na kwisha kwa dakika chache, ilhali wasiwasi wa jumla ni mvua ya rasharasha ya miezi. Mtu mmoja aweza kuwa na yote mawili. Jeraha la akili litokanalo na tukio la kutisha, kama yale ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, humrudisha mgonjwa kwenye tukio lililopita kwa picha na ndoto, wala si kwa maneno ya "itakuwaje".

Mwili nao hudai nafasi yake. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, upungufu wa damu na baadhi ya dawa za pumu huiga wasiwasi, na daktari mwangalifu huviondoa kwanza. Katika Homa Bay suala la virusi vya Ukimwi haliepukiki. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya watano katika kaunti hiyo alikuwa na virusi. Hospitali ya Homa Bay ilikuwa miongoni mwa hospitali za umma za kwanza nchini kutoa dawa za kupunguza makali bila malipo, kupitia Madaktari Wasio na Mipaka, mwaka 2001. Dawa hizo ziliokoa maisha ya maelfu, lakini mojawapo, efavirenz, iliyotumika kwa miaka mingi, ilileta kwa baadhi ya watu kizunguzungu, ndoto kali na wasiwasi. Kenya ilianza kuiondolea nafasi yake kwa dolutegravir kuanzia mwaka 2017. Ni wagonjwa wangapi waliolaumiwa kwa woga uliotoka kwenye kidonge, hilo halikuhesabiwa.

Tiba iliyo karibu

Jopo la kitaifa la afya ya akili lililoongozwa na Daktari Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Madaktari wa akili ni wachache na wengi wao wako mijini. Kwa bahati nzuri, wasiwasi wa jumla si ugonjwa unaomngoja daktari bingwa. Dawa za jamii ya fluoxetine husaidia wengi, ingawa huchukua wiki kadhaa, na wiki ya kwanza zaweza kuuongeza wasiwasi kidogo, asiyeonywa huzitupa. Tiba ya mazungumzo nayo imethibitishwa mikononi mwa watu wa kawaida waliofunzwa. Mabibi wa Harare wanaoketi na wagonjwa kwenye benchi la mbao, mpango alioanzisha Dixon Chibanda mwaka 2006, walipunguza kufungisisa katika jaribio lililochapishwa mwaka 2016. Jijini Nairobi, wahudumu wa afya ya jamii waliwafundisha wanawake waliopitia ukatili, kwa vikao vitano tu, kupumua polepole, kutatua tatizo moja kwa wakati, kurejelea shughuli walizoziacha na kuwatafuta watu wa kuwategemeza. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha nafuu. Mwaka 2021 mradi wa Shamiri ulionyesha kwamba hata vijana waliotoka shule ya upili karibuni wanaweza kuwasaidia wanafunzi wenye sonona na wasiwasi.

Mbinu mojawapo aliyoipendekeza Borkovec na wenzake mwaka 1983 ni rahisi kiasi cha kuchekesha. Mgonjwa hutenga nusu saa kila siku, mahali pale pale, kwa ajili ya kuwa na wasiwasi. Wazo likija saa nne asubuhi, huambiwa lingoje saa kumi na mbili jioni. Halifukuzwi wala halibishiwi, hupewa miadi. Ikifika saa hiyo, mtu huketi na daftari na kugawa ukurasa kwa mstari, upande mmoja mambo yenye hatua ya kuchukua, upande wa pili yasiyo na hatua.

Mwalimu wa mfano wetu, akiwa wiki ya sita bila pombe, angeketi hivyo chini ya mti wa ua, daftari la mazoezi ya darasa la nne magotini. Matatu ya mdogo wake ingeingia upande wa pili na kubaki pale. Maneno ya mkuu wa shule vivyo hivyo. Kikohozi cha nyanya kingeingia upande wa kwanza, na mbele yake angeandika: Jumatatu, hospitali, saa mbili asubuhi, achukue kadi ya bima.